Sikio la Namba Kumi na Tisa

"Mara tatu nimekwambia kwa mdomo, Mama Profesa, na mara moja nimekuandikia kwa mkono wangu huu wa darasa la nane. Huyo kijana wako anachanganya vizimba!"

Etelka Bodor alikuwa amesimama katikati ya ofisi ya Profesa Hedvig Orosz na viatu vyake vya mpira. Mavi ya sungura yalikuwa yakidondoka kwenye zulia, na yeye hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Vua viatu kwanza," alisema Profesa bila kuinua macho.

"Viatu nawavulia wanaonisikiliza."

"Haya, nakusikiliza. Amefanya nini Daktari Kende?"

"Anatoa vizimba nje kuviosha, kisha anarudisha kadi kwa kukisia. Jumanne nimemkuta kumi na tisa amekaa chini ya kadi ya ishirini na mbili, anakula kama yuko kwake. Nimemrudisha mimi. Kuna siku sitakuwepo."

"Na ulijuaje kwamba ni kumi na tisa?"

"Namba imechorwa ndani ya sikio kwa wino wa kijani. Unageuza sikio kwenye mwanga, unasoma. Halafu namjua kwa sura."

Profesa aliweka kalamu chini, akacheka kicheko chake kile cha puani. "Kwa sura! Sungura weupe thelathini, macho mekundu sitini, na Etelka anajua sura zao. Daktari Kende ana shahada mbili, Etelka. Kusoma kadi hakumshindi."

"Kadi hazimshindi. Ndicho nilichokuja kulalamikia."

"Barua yako ipo kwenye droo, nitaitazama. Na zulia utalisafisha."

Zulia hakulisafisha. Alitoka akiburuza miguu makusudi, mstari wa mavi mpaka mlangoni.

Huyo ndiye alikuwa Etelka, na taasisi nzima ilimjua hivyo. Alizaliwa kwenye mashamba ya vitunguu ya Makó, kusini mwa Hungaria, akasoma miaka minane, akachimba vitunguu mpaka alipofika miaka kumi na tisa, ndipo akaajiriwa pale kuosha chupa. Mganga wa mifugo wa zamani, Mzee Lantos, aliona mikono yake haitetemeki, akamtoa kwenye chupa na kumtia kwenye banda la sungura. Alimfundisha kutoa damu, na alimfundisha kutoamini karatasi. Kabla sindano haijamgusa mnyama unageuza sikio, unasoma namba kwa sauti hata kama uko peke yako. Ukimaliza unaandika kwenye daftari la banda: tarehe, namba, kiasi cha damu, na saini. Anayesaini ni yule aliyeshika sindano. Aliyetuma hasaini, na aliyesimama pembeni akitazama hasaini. Mzee Lantos alikufa, Etelka akaendelea vilevile, jumla miaka thelathini na minne tangu aajiriwe, katika vyumba viwili nyuma ya banda alivyopewa pamoja na kazi. Mume aliwahi kuwa naye. Huyo aliondoka na mkaanga mikate ya sokoni, na Etelka alisema wazi kwamba alichosikitikia ni mkate tu.

Watu walimwogopa kwa mdomo wake. Wasichana wa maabara walizunguka jengo zima ili wasipite dirishani kwake. Sungura hakuwapa majina, wala hakuwabusu vichwani kama wale wasichana. Ila alikuwa akipasha viganja vyake moto kwenye bomba la tanuru kabla ya kushika sikio, maana mshipa wa sikio hujificha ukiguswa na mkono wa baridi. Sikio likipata joto, mshipa ulijaa wenyewe, damu ikaja bila mnyama kuruka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndani ya kila seli ya mtu kuna uzi mrefu uliobeba urithi wake, ile DNA wanayoisema redioni. Seli ikitaka kugawanyika, lazima uzi unakiliwe kwanza, na kuna protini moja yenye umbo la pete inayoubana uzi na kuufungua ili kunakili kuanze. Profesa aliitengeneza protini hiyo ya binadamu chupani, na Etelka akaidunga chini ya ngozi za sungura sita. Mwili wa sungura unaona mgeni, unakasirika, unatengeneza kingamwili, yaani askari wa damuni wasiomkamata mwingine ila mgeni yule. Hospitali zinaitaka sana damu ya namna hiyo. Ukiiweka kwenye kipande cha uvimbe kisha ukatia rangi, seli zinazojiandaa kugawanyika zinageuka kahawia, na daktari anaona saratani inakimbia au inatambaa.

"Nawafundisha sungura kuchukia," Etelka alikuwa akisema akiulizwa anafanya nini. "Na wengi ni wanafunzi wabovu."

Kweli, watano kati ya sita walichukia ovyo. Damu yao ilishika kila kitu, kipande kizima kikawa kahawia kama dari la jikoni. Namba kumi na tisa peke yake alichukia kitu kimoja. Picha ya kipimo cha damu yake ilionyesha mstari mmoja mweusi, safi, na Profesa aliibandika ukutani mahali palipokuwa na picha ya mumewe. Na kingamwili ya sungura haina pacha. Ukidunga wengine mia kwa chupa ileile, kila mwili utachukia kwa namna yake. Huyo mmoja akifa, ameondoka nayo.

Hiyo damu iliyokwisha kutolewa ilipelekwa hospitali mbalimbali kama vionjo, na kampuni moja ya Ujerumani ikaionja ikaipenda. Wajerumani walikuwa waje Alhamisi moja ya Novemba, mwaka tisini na saba, wamwone mnyama kwa macho, wachukue damu mbichi, watie saini mkataba. Profesa alishatamka mbele ya wote: wakinunua, banda linabaki. Wasiponunua, linafungwa mwaka mpya, na vyumba viwili vya nyuma vinafungwa nalo. Sheria mpya ilitaka watunzaji wenye vyeti, na Etelka cheti chake kilikuwa ni mikono.

Ijumaa kabla ya Alhamisi hiyo, dada yake alifariki huko kijijini Apátfalva.

Etelka alifunga kitambaa cheusi, akaenda kwa Kende Halmos, yule daktari kijana wa shahada mbili. Alimkuta anakula mkate wa jibini juu ya meza ya kupimia damu.

"Shikamoo, shangazi Etelka. Nimesikia msiba. Pole sana."

"Marahaba. Pole nimeipokea. Sasa sikiliza, bwana daktari. Nakwenda siku tatu. Walishe, wanyweshe, usimguse hata mmoja. Usioshe kizimba, usihamishe kizimba, usikitazame kizimba ukakihurumia."

"Usiwe na wasiwasi, shangazi."

"Wasiwasi ndio mshahara wangu," akamjibu, akaenda kupanda basi.

Alimzika dada yake Jumamosi chini ya mvua ya barafu. Shemeji yake, Ambrus, alilewa kabla ya kasisi kufika, na walipomaliza kufukia alimwuliza Etelka mbele ya watu kama marehemu alimwachia yeye ufunguo wa kabati lao la nyumbani. Jumapili adhuhuri Etelka alirudi amelowa mpaka mifupani, hajala tangu juzi.

Mchochea tanuru, Dezső Kátai, alimwona akishuka kwenye basi. Kwetu mtu akitoka kuzika hawashi jiko lake siku hiyo, jirani humletea sahani. Dezső alikuwa mjane mzembe, lakini adabu hiyo hakuikosa. Alikuja na sahani iliyofunikwa kwa nyingine: sungura kwenye mchuzi wa paprika, mzito, mwekundu, vitunguu vimeyeyuka, na vijidonge vya unga pembeni.

"Kula, Etel. Dada yako alikuwa mtu mwema, hakufanana na wewe."

"Umempata wapi sungura?"

"Kula bwana. Sungura anapatikana wapi?"

Etelka alijua. Wanyama waliokwisha kazi walipaswa kuchomwa, hasa waliodungwa, lakini Dezső hakuwahi kukubali kwamba nyama iingie motoni bila sufuria. Siku nyingine angemfukuza na sahani yake. Siku hiyo alikuwa na njaa na huzuni, akala. Alikula yote, akapangusa mchuzi kwa mkate, akasema neno ambalo halikumtoka kinywani mara mbili kwa mwaka: "Tamu." Kisha akalala, na usingizi uliomshika ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa nyundo. Aliamka saa mbili asubuhi ya Jumatatu, mdomo mkavu, kichwa kizito, akadhani ndiyo huzuni ya msiba.

Akaenda bandani. Vizimba vitano vilikuwa vitupu, vimeoshwa vinang'aa. Kende alikuwa ameacha karatasi mezani: kwa amri ya Profesa, wale watano waliochukia ovyo wametolewa damu ya mwisho, ile ya kuwamaliza, banda liwe safi kwa wageni. Damu yao haina faida, imemwagwa sinkini na dawa.

Etelka alisonya, akapasha mikono, akafungua kizimba cha kumi na tisa ili amwandae kwa Alhamisi. Sungura akampiga teke la tumbo.

Kumi na tisa hakuwa na teke. Mwaka mzima hakuwahi kurusha mguu.

Akamshika shingoni, akageuza sikio kwenye dirisha. Ishirini na mbili.

Hakupiga kelele. Alianza kizimba cha kwanza akaenda mpaka cha mwisho, masikio ishirini na matano, moja baada ya jingine, akisoma kila namba kwa sauti. Alipomaliza akarudia. Halafu akatoka na aproni yake akavuka ua mpaka kwenye tanuru.

"Dezső. Yule wa kwenye sahani. Masikio yake yako wapi?"

Dezső alikuwa anakoka moto. "Masikio? Tangu lini unakula masikio?"

"Yako wapi?"

"Vichwa nampa mbwa. Kuna nini, Etel? Mbona umekuwa kama chokaa?"

Mbwa alikuwa nyuma ya lundo la makaa na bakuli lake. Etelka alimpiga teke akaacha, akapekua kwa kidole. Vilibaki vipande vya masikio, vingine havina namba. Kimoja kilikuwa kimetafunwa nusu. Tisa ya kijani ilisomeka, moja iliyotangulia ilikuwa tumboni mwa mbwa. Na bandani hakukuwa na tisa nyingine, ya tisa yenyewe ilikufa kiangazi, ya ishirini na tisa alitoka kuisoma sasa hivi.

"Umenilisha kumi na tisa," alisema.

Dezső alichukua muda kuelewa. Alipoelewa aliketi kwenye ndoo. "Mama yangu! Mimi nimeletewa watano kwenye gunia, Etel. Maiti hazina kadi. Nimechagua aliyenona."

"Alikuwa amenona. Nilimlisha mimi."

Etelka alimkuta Kende kwenye meza ileile, safari hii hana mkate. Aliweka kile kipande cha sikio mbele yake, juu ya karatasi zake.

"Shikamoo, shangaz..."

"Iweke hiyo shikamoo yako. Soma."

Alisoma. Shahada zote mbili zilimtoka usoni. "Kadi ilisema ishirini na mbili."

"Kadi ilisema. Sungura alisema nini?"

"Sikugeuza. Walikuwa watano, Profesa alinihimiza, nilikuwa peke yangu, nikawapa dawa ya usingizi, nikaingiza sindano moyoni mmoja mmoja..." Akasimama, akaketi. "Damu yake nimeimwaga. Shangazi, mililita themanini. Nimeimwaga kwa mkono wangu."

Dawa ya usingizi. Hapo ndipo Etelka alipoelewa kichwa chake kizito cha asubuhi, na akamchukia kijana yule kwa usafi kabisa, kama kumi na tisa alivyojua kuchukia.

"Tunaweza kurekebisha," Kende alisema haraka haraka. "Koleo la kuchorea namba unalo wewe. Ishirini na mbili, ukiongeza wino kidogo... Wajerumani hawajui sura. Watachukua damu waende nayo kwao."

"Na wakipima?"

"Majibu wiki mbili. Mkataba utakuwa umesainiwa. Mungu ni mkubwa."

"Mungu ni mkubwa, wewe ndiye mdogo. Nimechora masikio miaka thelathini na minne, sijachora la uongo hata moja. Nianze kwa ajili yako? Una nini wewe?"

"Vyumba vyako, shangazi! Fikiria vyumba vyako. Banda likifungwa utakwenda wapi?"

Alivifikiria. Tusimpambe Etelka akawa malaika, alivifikiria kweli, akiwa amesimama pale: jiko lake la vigae, dirisha linalotazama miti ya plamu, na upande wa pili Ambrus na kabati lake. Alifikiria kwa muda wa kutosha mpaka Kende akaanza kutabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomharibia. Etelka akachukua kipande cha sikio, akaenda juu kwa Profesa, na viatu hakuvua.

Profesa Orosz alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Alitazama ile picha ya mstari mmoja ukutani, kisha akasema, "Leta daftari la banda."

Daftari likaletwa. Jumamosi ile ilikuwa na mistari mitano. Kende alikuwa ameandika namba tano na kiasi cha damu, minne akaisaini, lakini mstari wa ishirini na mbili ulikuwa haujasainiwa. Kalamu ilimwishia wino, au simu ililia, nani ajuaye. Profesa alifuta namba, akaandika kumi na tisa kwa mkono wake, akaligeuza daftari.

"Saini hapa, Etelka."

"Mimi nilikuwa kaburini kwa dada yangu."

"Najua ulikuwa wapi. Saini kwamba ulichanganya kadi kabla ya kuondoka. Nisikilize vizuri, sikupigi, nakusaidia. Mtunzaji akikosea, Wajerumani watasema ni ajali, watatungoja tupate mwingine. Daktari akikosea, watasema taasisi nzima ni ya ovyo, hawarudi. Ukisaini, vyumba ni vyako mpaka ufe. Nakuandikia leo leo, na muhuri."

"Na nisiposaini?"

"Utakuwa umeondoka mwisho wa mwezi, na bado nitasema ni wewe. Tofauti ni kitanda tu."

"Barua yangu ya malalamiko ipo kwenye droo hiyo," alisema Etelka. "Niliandika kwamba atafanya hivihivi."

Profesa alifungua droo, akaivuta mpaka mwisho ili aone ndani. Kulikuwa na mkasi, peremende na soksi. "Barua gani?"

Etelka aliitazama droo ile. Halafu alichukua kalamu, na Profesa akavuta pumzi. Etelka akaifunika kalamu kifuniko chake, akaiweka juu ya daftari.

"Nyama yake nimeila," alisema. "Damu yake sikuishika. Anayesaini ni aliyeshika sindano."

"Una miaka hamsini na mitatu. Utakwenda kuchimba vitunguu?"

"Vitunguu angalau vinamtoa mtu machozi bila kudanganya."

Alhamisi Wajerumani walikuja, mwanamke na wanaume wawili. Profesa aliwaambia kwa Kijerumani kwamba mtunzaji ndiye aliyechanganya kadi, Etelka akiwa amesimama mlangoni na aproni safi, kila mtu amempa mgongo isipokuwa yule mwanamke. Mwanamke alimtazama, akasema kitu kwa upole.

"Anasemaje?" Etelka alimwuliza Kende.

Kende alitazama sakafu. "Anasema pole."

"Pole ya nini?"

Kende akasogea pembeni. Etelka akamgeukia Dezső, aliyekuwa ameleta makaa na kujibanza karibu na ukuta. "Wewe unajua nilikuwa wapi Jumamosi. Sema."

"Mimi najua makaa tu, Etel," Dezső alijibu kwa sauti ndogo. Ikijulikana kwamba anakula nyama ya maabara angepoteza kazi, na alikuwa ameila miaka ishirini.

Wajerumani hawakununua. Walisema wakipata mnyama mwingine mwenye damu kama ile, wapigiwe simu. Profesa akatoa amri banda lifungwe, na wale ishirini na watano waliobaki wamalizwe siku moja. Kende alianza, akamkosa wa kwanza moyo mara tatu, mnyama akalia. Sungura hatoi sauti yake ovyo, lakini akilia, analia kama mtoto mchanga. Etelka akamnyang'anya sindano.

"Toka. Unaua kama unavyosoma."

Alifanya mwenyewe. Kila mmoja alimgeuza sikio, akasema namba, akamlaza, akamaliza. Saini ishirini na tano, mwandiko wake wa duara, ukurasa mzima. Juu ya ukurasa ule ulibaki mstari wa Jumamosi, mtupu mwishoni. Wote aliwatia motoni kwa mkono wake, na Dezső alipokuja na beseni aliambiwa aoshee miguu.

Wiki iliyofuata alihamia Apátfalva, kwa sababu hakukuwa na pengine. Ambrus alimpa kitanda cha jikoni kwa sharti: kila juma magunia mawili ya vitunguu vya mbegu, vimechambuliwa, vikubwa mbali, vidogo mbali, vilivyooza kwa nguruwe. Gunia likipungua, alimzimia taa saa moja jioni. "Sisi hatuna maprofesa hapa," alikuwa akisema, akicheka meno matatu. Na kijijini habari ilikuwa imetangulia: Etelka wa Bodor, yule mjuaji, aliua sungura wa mamilioni. Padri alimwuliza kama anataka kuungama. Alimjibu aanze yeye.

Mwanzoni mwa Machi, Kende akatokea mlangoni na kofia mkononi, matope mpaka magotini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Keti. Chambua."

"Nimekuja kuku..."

"Hapa anayeketi anachambua. Vikubwa huku."

Alichambua saa nzima kabla hajaruhusiwa kusema. Macho yalimtiririka, na Etelka alimtazama kwa raha ambayo hakuificha. "Lia tu. Vitunguu vitabeba lawama, vimezoea kama mimi."

Shida yake ilikuwa hii. Profesa alikuwa amepata fedha kidogo, amenunua sungura sita wapya na kuwaweka kwenye kibanda cha bustani, wamedungwa protini ileile. Mmoja, kwa bahati ya ajabu, alianza kuonyesha mstari safi. Lakini Kende hakuweza kuwatoa damu. Masikio yalivimba, yakawa meusi, wawili walikuwa wamekufa. Huyu wa mstari safi sikio moja lilikwisha kuharibika. Lingine likienda, amekwenda naye.

"Siku moja tu, shangazi. Nionyeshe jinsi unavyofanya. Nitakulipa."

"Utanilipa nini?"

Alitoa bahasha. Etelka hakuiangalia, alichukua kitunguu kingine.

"Unanidai saini," Kende alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetapika.

"Kumbe umeifahamu. Miezi minne imekuchukua, na shahada mbili."

"Profesa akiona atanifukuza."

"Akikufukuza, kuna kitanda hapa jikoni, nami nitakuwa nimekipasha. Ambrus ni mwenyeji mzuri, muulize mtu yeyote. Nenda kalete daftari."

"Lipo kwenye stoo ya makaratasi, limefungiwa."

"Basi linaondoka saa kumi."

Akaenda. Etelka alisema moyoni hatarudi, akamwambia Ambrus hivyo, na Ambrus akasema ni mjinga anayerudi kwa mwanamke wa namna yake. Kesho yake saa tano mlango uligongwa. Daftari lilikuwa ndani ya koti lake, limefungwa gazeti, na stoo ile aliifungua kwa bisibisi, alisema mwenyewe.

Etelka alifagia maganda mezani kwa kiwiko. Akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari.

"Kalamu ina wino?"

"Inao."

"Saini. Halafu pale pembeni, penye nafasi ya maelezo, andika sababu."

"Niandike nini?"

"Unachojua."

Kende alisaini. Kisha akaandika, herufi zikipanda na kushuka: Nilisoma kadi. Sikugeuza sikio. E. Bodor hakuwepo.

Ambrus alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya nguruwe. "Ameandika nini huyo?"

"Msomee," Etelka alimwambia Kende.

"Shangazi..."

"Msomee kwa sauti. Ana meno matatu lakini masikio yake ni mazima."

Alisoma kwa sauti. Ambrus alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akatoka na ndoo yake.

Etelka alilivuta daftari, akapitisha kidole chini ya kila neno, polepole, midomo ikimwendea. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akasoma tena. Wino ulipokauka alilifunga, akalizungushia gazeti lake, akamrudishia.

"Basi," alisema. "Viganja vipashe moto kabla ya kushika sikio, mshipa utajaa wenyewe. Sasa hunidai, sikudai."